Betri mbovu haipandi ndege

Mwaka juzi nilinunua drili ya betri katika duka moja la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam. Nilipewa risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), kijitabu cha maelekezo chenye lugha kadhaa ambamo Kiswahili hakikuwamo, na kadi ya waranti yenye mhuri wa duka. Mwezi wa saba baada ya kuinunua, betri moja kati ya mbili ilikataa kuchaji: ukiichomeka, chaja inapepesa taa nyekundu, basi. Nilirudi dukani na karatasi zangu zote. Muuzaji alikuwa mwungwana, akanivutia kiti, akaigeuzageuza ile betri, kisha akaniambia kwamba jambo hilo limeshatoka mikononi mwake na kwamba mwenye nalo ni wakala wa mtengenezaji. Wakala akaipokea bila kuniandikia chochote, akasema lazima aulize huko zinakotoka. Wiki ya sita jibu lilikuwa halijaja. Wiki ya tisa niliambiwa niichukue tu betri yangu, kwa sababu mtengenezaji anataka kuichunguza mwenyewe na kuisafirisha haiwezekani.

Kilichonishangaza, baada ya hasira kupoa, ni kwamba katika hilo la mwisho wakala alikuwa anasema kweli. Betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake, zile ambazo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya shehena za hatari zina namba UN 3480, hazibebwi kama mizigo katika ndege za abiria tangu tarehe 1 Aprili 2016, kwa uamuzi wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO. Ndege za mizigo huzibeba kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba chaji isizidi asilimia 30. Lakini betri iliyoharibika, au inayoshukiwa kuwa na kasoro inayoweza kuleta joto na moto, haipandi ndege ya aina yoyote ile. Hata abiria anayebeba betri nzima mkononi ana mpaka wake: wati-saa (volti mara ampea-saa) 100, na zaidi ya hapo mpaka 160 kwa ruhusa ya shirika la ndege. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ina wati-saa 90, kwa hiyo inapita. Ya ampea-saa 6 ina 108, na hapo maelezo huanza. Sasa jaribu kumweleza mpokea mizigo wa uwanja wa ndege kwamba betri yako haina hatari, imekataa kuchaji tu. Hatabishana nawe; ataisukuma pembeni, na mimi katika nafasi yake ningefanya vivyo hivyo.

Tuupime basi ukweli huo dhidi ya ile kadi yenye mhuri. Kadi inasema kwamba betri ikiharibika ndani ya muda fulani mtengenezaji ataichunguza, na akiridhika ataibadilisha. Mtengenezaji yuko bara jingine. Betri, kwa kule kuharibika kwenyewe, imepoteza haki ya kupanda ndege. Na hakuna atakayesafirisha betri moja kwa meli. Ahadi hiyo haikuvunjwa mwezi wa saba. Ilikuwa haitekelezeki tangu siku niliyolipa. Ndiyo maana nimefikia kuamini kwamba waranti ya zana za betri ina thamani pale tu ambapo mwenye mamlaka ya kusema "hii tunaibadilisha" yuko mji uleule na mnunuzi, na betri ya kubadilishia iko kwenye rafu nyuma yake. Idadi ya miaka iliyoandikwa kwenye boksi ni jambo la pili, tena la pili kwa mbali.

Kwa nini nasisitiza betri na si mashine yenyewe? Kwa sababu katika zana hizi betri ndiyo inayochakaa kwanza, ndiyo yenye sehemu kubwa ya bei, na ndiyo inayopewa muda mfupi zaidi wa waranti. Ukiifungua betri ya kawaida ya volti 18 utakuta seli tano zilizounganishwa mfululizo, au kumi zilizopangwa jozijozi, kila seli ikiwa na wastani wa volti 3.6. Seli zilizozoeleka huitwa 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65. (Hizo hizo tano zikijaa chaji kabisa hukaribia volti 21, na hapo ndipo wauzaji wengine walipopata jina la "20V", kwa hiyo anayelipa zaidi akidhani amepata nguvu zaidi ya volti 18 amenunua maandishi.) Juu ya seli kuna bodi ndogo ya elektroniki inayolinda zisichajiwe kupita kiasi wala kukaushwa kupita kiasi. Seli moja ikichoka kuliko wenzake, volti yake ikashuka chini ya kiwango, bodi au chaja hukataa kazi, na betri nzima huonekana imekufa ilhali seli nyingine zote ni nzima. Joto huharakisha mambo: betri iliyojazwa chaji na kuachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam au Mombasa huzeeka upesi kuliko ile inayokaa kivulini. Kwenye kaunta swali huwa moja: je, hiyo ni kasoro ya kiwandani au ni uchakavu wa kawaida? Kadi nyingi hazigharamii uchakavu, na anayeamua kipi ni kipi ni yuleyule ambaye uamuzi utamgharimu.

Zana za waya zilikuwa na maisha tofauti kabisa. Drili ya kuchomeka ikizima, fundi wa mtaani aliangalia kaboni kwanza, zile zinazopeleka umeme kwenye mota, kisha swichi, kisha amecha, yaani sehemu ya mota inayozunguka. Kaboni zinauzwa, swichi zinauzwa, na mota iliyoungua husukwa upya kwa waya wa shaba na watu ambao hawajawahi kuuona mlango wa wakala. Waranti ilikuwa kitu cha kupendeza, lakini haikuwa uhai wa mashine. Drili za betri si za jana; Black & Decker walitoa ya kwanza mwaka 1961. Kilichobadilisha mambo ni lithiamu, iliyoanza kuingia kwenye zana nzito mwaka 2005 kupitia makampuni kama Milwaukee na Makita, na baadaye mota zisizo na kaboni ambazo huendeshwa na bodi ya elektroniki. Mota hizo hudumu zaidi na hutumia betri vizuri zaidi, sikatai. Ila bodi yake ikiungua, hakuna wa kuisuka. Hubadilishwa kama ilivyo, na kwa asiye na waranti bei ya kipuri hicho huweza kukaribia bei ya mashine mpya. Kwa hiyo jinsi zana zilivyoboreka ndivyo mafundi wetu wa mtaani walivyozidi kuwekwa kando, na ndivyo mnunuzi alivyozidi kuwa mikononi mwa kaunta ya waranti, iwe ipo au haipo.

Wengine huikwepa kaunta ya hapa kwa kumtuma ndugu aliye Marekani au Dubai. Kule, anasema ndugu, bei ni nafuu na waranti ni ndefu: DeWalt hutoa miaka 3, Milwaukee hutoa 5 kwa zana zake nyingi. Ni kweli, lakini miaka hiyo ilitolewa kwa soko la kule, na kwa kawaida hubaki kule. Drili ikifika Arusha au Kisumu imekuwa mgeni asiye na mwenyeji. Kisha kuna chaja. Umeme wa majumbani Marekani ni volti 120, wetu ni 230, na chaja nyingi za zana zinazouzwa kule zimeandikwa 120 tu, tofauti na chaja za simu ambazo hukubali zote. Chaja ya namna hiyo ikichomekwa ukutani hapa hutoa harufu ya kuungua kabla hujakaa sawasawa, na hakuna waranti duniani itakayolipia. Anayeagiza kutoka Dubai ameponea hapo, kwa kuwa umeme wa kule unafanana na wetu. Waranti yake hata hivyo haivuki bahari.

Kuna sharti jingine ambalo wanunuzi wachache hulisoma, nalo kwa maoni yangu lina dhuluma kuliko yote. Watengenezaji hugawa zana zao katika madaraja mawili, la mtu wa nyumbani anayetundika picha ukutani Jumamosi, na la fundi. Bosch huyatofautisha kwa rangi: kijani kwa mtu wa nyumbani, buluu kwa fundi. Zana za mtu wa nyumbani huweza kuwa na sharti kwamba waranti inakufa kifaa kikitumika kibiashara. Katika nchi ambako mwenye nyumba akitaka kutundika picha humwita fundi, nani hasa ananunua drili? Hununuliwa na kijana wa jipsamu, na fundi aluminiamu, na seremala wa Keko, na wote huifanyisha kazi kuanzia asubuhi mpaka jua linapozama. Fundi anachagua ya bei nafuu kwa sababu ndiyo aliyoimudu, muuzaji anamwona ana vumbi la jipsamu mpaka kwenye kope, anapokea fedha zake, na hamwambii kwamba kadi anayomkabidhi haimhusu.

Hapa ndipo hesabu ya siku inapokuja. Tuseme fundi anaingiza shilingi 30,000 kwa siku kwa kazi ambayo haifanyiki bila drili, na tuseme drili aliinunua kwa 350,000. Wakala anamwambia asubiri wiki tatu, jambo ambalo kwenye kaunta hutamkwa kana kwamba ni upendeleo. Wiki tatu za siku sita za kazi ni siku 18, na siku 18 ni shilingi 540,000. Kabla matengenezo ya bure hayajakamilika, yamemgharimu kuliko mashine mpya. Bila shaka hakai bure siku zote hizo. Ataazima, atakodi, au atanunua nyingine ya bei ya chini ili kazi ya watu isilale, na ndiyo maana mafundi wengi hawarudi kabisa kwa wakala. Mawakala husema kwamba madai ya waranti ni machache na kuyachukua kuwa ushahidi wa ubora. Mimi nayasoma kinyume. Fundi aliyekwisha kupiga hesabu ya nauli, ya siku na ya njoo kesho ameona afadhali apate hasara moja kuliko mbili. Zana za Kichina kama Ingco na Total zilizojaa madukani hazikuwateka mafundi kwa bei peke yake. Ukizungumza nao watakwambia kwamba ikifa leo kesho wananunua nyingine, na kesho hiyo ndiyo wanayoilipia.

Sheria inasemaje? Tanzania ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, na Kenya ina ya kwake, Sura ya 31. Zote mbili ni watoto wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Mantiki yake ni ya kizamani na ni nzuri: mkataba ni wa aliyeuza na aliyenunua, na bidhaa inayouzwa na mtu ambaye kuuza bidhaa za aina hiyo ndiyo kazi yake inapaswa kuwa ya ubora unaouzika. Mtengenezaji hayumo katika mkataba huo. Kwa hiyo muuzaji anayesema "nenda kwa wakala" anajaribu kujitoa katika wajibu ambao ni wake, ijapokuwa anaruhusiwa kumtumia wakala kuutimiza. Udhaifu wa sheria hizo ni kwamba huwaachia wahusika kukubaliana vinginevyo, na ndiyo maana maneno "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" hayachoki kuchapwa kwenye risiti, ingawa mnunuzi huyaona baada ya kulipa. Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Kenya imekwenda mbele zaidi: ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na ya kufidiwa hasara, na tangu 2021 ziko Mahakama za Madai Madogo zinazosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya na kutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Siku 60 kwa fundi asiye na drili ni nyingi. Hata hivyo ni siku zinazohesabika, na kaunta nyingi hazitoi hata hilo.

Wapo wanaopendekeza tuige Umoja wa Ulaya. Huko muuzaji anawajibika kwa miaka 2, na kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza huchukuliwa kwamba ilikuwapo tangu mwanzo, isipokuwa muuzaji athibitishe vinginevyo. Matengenezo yafanyike bure, kwa muda unaostahili, bila kumpa mnunuzi usumbufu mkubwa. Maelekezo ya mwaka 2024 yameongeza kwamba anayechagua kutengenezewa badala ya kubadilishiwa hupewa miezi 12 zaidi. Ningeyachukua yote hayo kwa mikono miwili, lakini kwa tahadhari moja: ulinzi huo umeandikwa kwa ajili ya mlaji, yaani mtu anayenunua nje ya shughuli zake za kazi. Seremala anayenunua drili kwa ajili ya karakana yake hayumo. Tukinakili neno kwa neno tutakuwa tumemlinda mwenye nyumba ambaye hana drili na kumwacha fundi aliye nayo. Zile sheria kongwe za uuzaji wa bidhaa, pamoja na upungufu wake, hazimwulizi mnunuzi kama yeye ni fundi au la.

Jambo la lakiri nalo lina pande mbili. Mashine nyingi huwekwa kibandiko juu ya skrubu kinachosema kwamba ukifungua waranti imekwisha. Marekani ina sheria ya mwaka 1975, iitwayo Magnuson-Moss, inayozuia kumfunga mnunuzi kwa vipuri au mafundi wa kampuni peke yake kama sharti la waranti, na mwaka 2018 tume yao ya biashara iliyaandikia makampuni sita kuyaonya kuhusu masharti ya aina hiyo, vibandiko vikiwamo. Kwa drili yenyewe nauona msimamo huo ni wa haki: fundi aliyeondoa vumbi na kupaka grisi kwenye gia hajavunja kitu. Kwa betri nasita. Seli za lithiamu zikishonanishwa vibaya huwaka, na mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, wanaozifungua na kuchomelea seli mpya si wote wanaopima kama zinalingana. Isitoshe, bodi za baadhi ya betri hukumbuka hitilafu na kubaki zimejifunga hata baada ya seli kubadilishwa, kwa hiyo mteja hulipa na bado taa nyekundu inapepesa. Wakala akikataa betri iliyokwisha kufunguliwa, sitamlaumu. Nitamlaumu ikiwa mteja alimwendea kwanza, akazungushwa wiki tisa, ndipo akaenda Gerezani.

Wakala naye ana yake ya kusema. Amewahi kuletewa drili isiyo na nyundo (isiyogonga inapotoboa) iliyotumika kutoboa zege mpaka gia zikalika, na nyingine iliyofungwa fimbo ikakorogea rangi, ikatumbukia ndoani, ikafutwa kwa tambara na kuletwa kama "imezima yenyewe". Uamuzi mwingi wa "hii si kasoro ya kiwanda" huwa sahihi. Shida ni kwamba huwa hauandikwi. Hakuna fomu inayosema nani aliifungua, alikuta nini, lini. Mteja huambiwa kwa mdomo kwamba maji yaliingia, na mwongo na mkweli hujibiwa kwa sentensi ileile.

Ninachokitaka hakihitaji bunge. Kampuni inayouza zana zake hapa imwachie wakala wake wa hapa uamuzi wa kubadilisha betri, bila kungoja jibu kutoka ng'ambo, na ihesabu betri chache za kubadilishia kama sehemu ya gharama ya kuingia sokoni. Kifaa kikipokelewa, mteja apewe karatasi yenye tarehe na namba ya kifaa. Muda ambao kifaa kimelala kwa wakala usihesabiwe katika muda wa waranti, kwa maana leo mtu huweza kupeleka drili mwezi wa kumi wa waranti, akarudishiwa mwezi wa kumi na mbili, na kuambiwa amebakiwa na siku nane. Mnunuzi kwa upande wake aipige picha risiti siku hiyohiyo: karatasi ya EFD huchapwa kwa joto na hufutwa kwa joto, na ya kwangu, niliyoitunza ndani ya begi la drili, mwezi wa saba ilikuwa imebaki nembo na kivuli cha tarehe.

Nilipokwenda kutafuta betri nyingine, niliingia maduka matatu na kuuliza swali moja kabla ya kuuliza bei: hii ikifa mwezi wa saba, nani ataamua, na mtanipa nyingine kutoka wapi? Wa kwanza alicheka. Wa pili alimpigia simu mwenye duka, ambaye alisema niache namba. Wa tatu, mama wa makamo aliyekuwa akila mihogo nyuma ya kaunta, alifuta mikono, akatoa daftari la mistari na kunionyesha ukurasa wa betri alizobadilisha tangu Januari, kila moja na namba yake, tarehe ya kuja na tarehe ya kutoka. Nyingi zilikuwa zimetoka siku ileile, moja ilikaa siku tano, na pembeni yake ameandika "tulisubiri mzigo". Bei yake ilizidi ya wenzake kwa shilingi 15,000. Nililipa.